Mstari wa Kwanza Ulikuwa Mtupu

Karatasi ile tuliianzia kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu pale Tensta, pembeni mwa Stockholm, mashine mbili zikizunguka na jirani yangu akilia. Mimi nilikuwa nimeshuka kufua mashuka yangu tu. Zamu yangu ilikuwa saa nne mpaka saa saba, jina langu lipo kwenye daftari lililoning'inizwa ukutani, na kule zamu ya kufua haichezewi. Mtu atakusamehe mengine yote lakini si kumlia zamu yake. Sasa namkuta huyu mwenzangu kakaa pembeni ya mashine, zamu si yake, nguo hana, uso umevimba.

"Dada," akaniambia, "leo mume wangu ametimiza wiki ya sita hajatoka nje."

Nikaacha kapu. "Sita? Si ulisema ana mafua?"

"Nilikudanganya."

Hawa walikuwa Waganda, walikaa ghorofa ya tatu, mimi ya nne, jiko juu ya jiko. Mume alikuwa karani wa mahakama huko kwao, kisha akawa mkimbizi Nairobi, kisha akawa muosha vyombo Stockholm. Mke aliniita dada tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo mume akawa shemeji yangu, basi, hatukuulizana kabila wala dini. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikwenda kule kusomea uuguzi mwishoni mwa miaka ya sabini, nikabaki, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee upande wa Spånga. Tulikuwa na ishara yetu mimi na yeye: akigonga bomba la joto la jikoni mara tatu, nashuka. Kwa wiki sita alikuwa hajagonga, na mimi mjinga nikadhani kanichoka.

Kumbe mambo yalikuwa hivi. Siku moja shemeji anatoka kwenye treni, kafika pale penye maduka, akamwona askari wa mtaa wetu anakuja upande wake. Dukani kulikuwa kumeibiwa mkoba, na aliyeibiwa kasema mwizi ni mtu mweusi mwenye koti la kahawia. Jamani! Makoti ya kahawia yalikuwa yamegawiwa kanisani msimu ule, marobota mazima, na wanaume wetu kama watano hivi pale mtaani walikuwa wanavaa koti lilelile moja. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba shemeji alipoona yale mavazi ya polisi yanamjia, akakimbia. Hakuiba hata kijiko, ila miguu yake ilikuwa imeshazoea. Askari naye akaona mtu anakimbia, akamfukuza, akamwangusha, akamkalia mgongoni kwa goti mbele ya watu, akampakia kwenye gari. Baada ya saa mbili wakamwachia, wakamwambia anaweza kwenda. Akaja nyumbani, akavua viatu, na hakuvivaa tena.

"Kazini wamempa mpaka mwisho wa mwezi," jirani yangu akasema. "Kazi si kitu. Lakini dada, anakaa ameupa mgongo dirisha. Hataki hata kuona nje. Yule askari akiondoka hapa, mume wangu atatoka. Kaniambia mwenyewe. Akiondoka, nitatoka."

Hapo ndipo mdomo wangu huu, ambao umeniponza tangu shule ya msingi, ukafunguka wenyewe. Kazini kwetu miezi michache nyuma walitaka kutufungia jiko, wafanyakazi wakaandika barua, wakatia majina chini yake, na jiko halikufungwa. Nikamwambia: "Hawa wenzetu Waswidi wakitaka kitu wanaandika majina. Na sisi tuandike. Tuseme sisi wakazi hatumtaki huyu, atolewe, aletwe mwingine."

"Inawezekana?"

"Kwa nini isiwezekane?" nikasema, kana kwamba nilikuwa mjukuu wa mfalme wao. Sikujua lolote. Nilisema tu kwa sababu alikuwa analia na zamu yangu ilikuwa inakwisha.

Nilipopanda ngazi na mashuka yangu mabichi, nikaanza kuchanganyikiwa. Maana yule askari mimi nilimjua. Baridi iliyopita niliteleza kwenye barafu nikitoka kazini, nikaanguka vibaya, mguu ukateguka, viazi vikasambaa njia nzima. Nani aliyekuja? Yeye. Aliviokota kimoja kimoja, akanishika mkono kama mama yake mzazi, akanifikisha mpaka mlangoni na mfuko kaubeba yeye. Mikono yake ilikuwa na joto. Sasa nikawa najiuliza, goti lile na mikono ile ni vya mtu mmoja? Nilikaa jikoni nikamwona mara hivi, mara vile, mpaka nikakasirika naye kwa kunisumbua akili. Nikakata shauri: barua itaandikwa, na habari ya viazi sitamwambia mtu.

Barua niliiandika kwa Kiswidi changu cha hospitalini, ukurasa mmoja. Chini yake nikapiga mistari, nikaipa namba, moja mpaka sabini. Jioni ya Jumamosi mimi na jirani yangu tukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya kwanza alikuwa mzee mmoja Mganda, mtu wa msikitini, mpole. Akavaa miwani, akasoma, akaguna, akaniambia, "Nyinyi wanangu mko sawa kabisa. Lakini hapa namba moja pako wazi. Nendeni kwa mwingine aanze, kisha mrudi kwangu."

Nyumba ya pili, Mtanzania mwenzangu, fundi umeme, wa Iringa. "Dada, mimi naunga mkono moja kwa moja. Ila namba moja hapana. Wa kwanza ndiye kiongozi."

Nyumba ya tatu hivyohivyo. Nikakasirika, nikauliza, "Mnaogopa nini? Hapa si kwetu!" Mama mwenye nyumba akanitazama kwa huruma, akasema, "Kule kwetu orodha kama hii ilipokamatwa, waliokuja kuchukuliwa walianza na wa juu. Wa chini walipata muda wa kuvuka mpaka." Akanimiminia chai. Nikanywa chai.

Hatimaye nikapata akili, na nilijiona mjanja kweli. Nikasema, tuanzie namba mbili. Namba moja tuiache kwanza, atajaza mtu baadaye. We! Karatasi ikatembea kama moto. Mzee wa miwani akawa wa pili, fundi umeme wa tatu, na kila mtu akawa anatia saini kwa raha zake kwa sababu hakuna aliyekuwa wa kwanza. Mkongo mmoja wa jengo la pili alitia saini ndefu yenye mikia, akasema kitu kwa Kifaransa, nikamshukuru bila kukielewa. Na wengine, Mungu anisamehe, walitia saini kwa adabu tu. Unaingia nyumbani kwa mtu, unakaribishwa, unakula, unatoa karatasi. Nani atakunyima? Mama mmoja Mkenya alituwekea ugali na sukuma wiki, akaandika jina lake vizuri kabisa na tarehe, kisha tukiwa tunavaa viatu akauliza, "Sasa hii ni ya kumleta askari ama ya kumtoa?"

"Kumtoa."

"Haya basi, ni sawa. Mimi nilidhani ni kumleta."

Jina akaliacha palepale. Nikacheka mpaka kwenye lifti, jirani yangu akanikatia jicho, nikanyamaza.

Aliyetunyima alikuwa Mswidi mmoja, mzee wa ghorofa ya chini aliyekuwa anaishi na mbwa. Alisoma barua yote mara mbili huku tumesimama mlangoni. Halafu akauliza, "Mmeshazungumza naye?"

"Na nani?"

"Na huyo polisi."

Mimi na jirani yangu tukatazamana. Kuzungumza na polisi! Uende kwa mtu aliyemkalia mumeo mgongoni, useme hujambo bwana, tuna neno? Tukaona mzee kachoka akili. Tukaaga. Lakini swali lake lilipanda na mimi mpaka ghorofa ya nne, likakaa.

Wa mwisho alikuwa shemeji mwenyewe. Nilimkuta jikoni, ameupa mgongo dirisha kama nilivyoambiwa, amekonda, yuko taratibu kwa vidonge vya usingizi alivyopewa na daktari. Nyuma ya mlango wa kuingilia niliona begi dogo, zipu imefungwa. Nikauliza ni la nani. Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Lake. Lina sabuni, mswaki, sweta na soksi. Anasema siku wakija hataki kuhangaika kutafuta." Nikamwekea shemeji karatasi mezani, nikamwonyesha majina yote yale, nikasema, "Shemeji, watu wako hawa. Weka na lako." Hakusoma. Aliisukuma kwa mgongo wa mkono, taratibu, mpaka ikafika ukingoni mwa meza, nikaidaka.

Jumatatu jirani yangu alikuwa kazini anasafisha ofisi, kwa hiyo nilikwenda peke yangu kuipeleka. Polisi mjini, jengo kubwa, kaunta ndefu, tiketi ya namba unangoja uitwe. Kumbuka, wakati huohuo ombi langu la uraia lilikuwa linazunguka kwenye maofisi, na kulekule kwa polisi ndiko nilikohojiwa habari zangu: nakaa wapi, nafanya nini, nina matatizo na mtu? Nilikuwa nimejibu kwamba sina matatizo na mtu yeyote. Sasa niko kwenye kaunta yao nimeshika matatizo ya watu sitini na kitu.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mkarimu. Akapokea, akapitisha kidole chini ya majina, akarudi juu. "Hapa pa kwanza hapana mtu."

"Ndiyo."

"Nani anayeleta? Lazima nipate mtu mmoja wa kumjibu. Huyo wa kwanza." Akageuza karatasi kunielekea, akaweka kalamu juu yake.

Sasa ngoja niseme kweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilichukua kalamu nikiwa nimekusudia kuandika jina langu. Barua niliiandika mimi, wazo langu mimi, miguu yangu mimi. Nikaona ule mstari. Nikaona na faili langu la uraia, liko mahali fulani katika jengo lile, linafunguliwa, mtu anasoma jina, anakumbuka. Mkono ukaanza kutetemeka. Karani anangoja, nyuma yangu kuna watu. Na mkono ukaandika jina la shemeji. Jina lake lote, namba ya nyumba, ghorofa ya tatu. Herufi zilikwenda upogo, wino ukaruka mahali pawili. Nilijiambia, yeye ndiye aliyeonewa, ni haki barua iwe yake. Uongo mtupu. Niliogopa, basi. Mtu aliyeweka begi nyuma ya mlango nikamweka mbele, mimi nikajificha mgongoni kwake.

Njiani kwenye treni nilikuwa nimeshaanza kutapatapa. Nirudi nikafute? Niseme nini? Nikafika nyumbani nikapika wali, nikauunguza.

Baada ya wiki mbili bomba la joto likagongwa mara tatu. Nikashuka. Jirani yangu alikuwa na bahasha ya kiofisi, jina la mumewe juu yake, yeye hajui kuisoma vizuri. Nikamsomea, na kila nilivyosoma sauti ikapungua. Wanashukuru kwa barua. Polisi wa mtaa hachaguliwi wala haondolewi kwa saini za wakazi. Jambo hilo litatazamwa na mkubwa wake. Tena, kwa kuwa barua ikishapokelewa ofisini mtu yeyote anaruhusiwa kuiona, askari mhusika ameomba nakala, na amepewa pamoja na majina.

"Amepewa nini?"

"Majina."

"Yote? Na nyumba zetu?"

Sikujua, wallahi. Hakuna kati yetu aliyejua. Kule kwa Waswidi karatasi ikiingia serikalini ni ya kila mtu, mwenye kulalamika na mwenye kulalamikiwa. Kwetu sisi karatasi ikiingia serikalini haionekani tena, mpaka siku ikurudie wewe mwenyewe. Tuliandika namba za nyumba kwa ukamilifu, tena kwa herufi kubwa, tukidhani tunamwandikia mkubwa mmoja kwenye chumba kimoja.

Kisha akauliza lile nililokuwa nalingoja. "Na kwa nini bahasha imekuja kwa jina lake? Namba moja ilikuwa tupu. Mimi mwenyewe niliiona tupu."

"Labda ofisini," nikasema, "labda wamechukua jina la aliyetajwa kwenye barua."

Akanitazama. Sijui kama aliniamini. Aliikunja barua, akaiweka ndani ya kopo la unga.

Siku zile zilikuwa chungu. Habari zikavuja, watu wakanijia: dada, lifute langu, dada, mwambie mimi nilidhani ni ya maji ya moto. Mkenya wetu peke yake ndiye aliyesema lake libaki, ugali ulishaliwa. Wengine waliniona kwenye maduka wakageukia rafu za sabuni. Nikajua nimeharibu. Shemeji bado alikuwa ndani, wiki ya tisa, na sasa mimi nimempa yule askari njia ya kwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwake.

Na askari akaja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nasuka nywele zangu, bomba likagongwa, si mara tatu, likagongwa bila kuhesabu. Nikashuka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Askari kasimama pale nje, hakuvaa mavazi ya kazi, kavaa sweta la kufuma la rangi ya buluu, mkononi ana mfuko wa karatasi wenye maandazi ya mdalasini. Nilisikia harufu ya mdalasini. Jirani yangu kajibanza ukutani na mkono mdomoni.

Askari akanitambua. Akatabasamu kidogo, akauliza kama mguu ulipona. Ya Rabi! Mbele ya jirani yangu. Nikaitikia kwa kichwa, uso unaniwaka.

Hapo shemeji akatoka chumbani. Kavaa koti la kahawia. Kavaa viatu. Akainama, akachukua begi lake nyuma ya mlango, akasimama wima, akasema kwa Kiswahili, "Niko tayari. Mwambie mke wangu asiguswe."

Huyu mtu hakupenda Kiswahili. Kwao kilikuwa lugha ya wanajeshi, aliwahi kuniambia kwamba akikisikia ghafla nyuma yake mgongo unakufa ganzi. Siku ile alikitumia kwa sababu alitaka mimi nimtafsirie, na kwa sababu, nadhani, ndiyo lugha aliyoijua ya mambo kama yale.

Nikatafsiri. Askari akatazama begi, akatazama koti, akaelewa nusu, na uso wake ukabadilika rangi. Akasema, hapana, hapana, mimi sikuja kuchukua mtu. Akatoa nakala mfukoni, imekunjwa mara nne. Akasema, "Nimesoma. Huyu ndiye wa kwanza, kwa hiyo nimekuja kwake kwanza. Nataka kusikia kwa mdomo wake nilichokosea."

Nilitafsiri. Huyu ndiye wa kwanza. Nilisema maneno hayo mwenyewe, kwa sauti yangu, kwa Kiswahili safi.

Shemeji akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Akaisoma kuanzia juu. Alilitazama jina lake muda mrefu, akalipitishia kidole gumba, akalirudia. Mimi nilikuwa nangoja aseme, huu si mwandiko wangu. Nikajiandaa kuanguka. Jirani yangu alikuwa amekuja nyuma ya bega lake, naye akaona, kisha akanyanyua macho akanitazama mimi. Alijua palepale, nikamwona anajua. Hakufungua mdomo.

"Mwambie ndiyo," shemeji akasema. "Ni mimi."

Akaweka begi chini.

"Na mwambie siongei naye humu ndani, mke wangu yumo humu. Tukaongee nje."

Akatangulia. Haki ya Mungu, alitangulia yeye! Akashuka ngazi moja moja, anashika ukuta, askari nyuma yake na mfuko wa maandazi, mimi wa mwisho na nywele zangu za kichaa. Pale nje mlangoni alisimama. Nilidhani atarudi. Mwanga ulimpiga, akafumba macho, akavuta hewa mara mbili tatu, kisha akaenda mpaka kwenye benchi karibu na bembea za watoto, akakaa. Madirisha yote yalikuwa na watu nyuma ya mapazia.

Waliongea kama saa nzima, na mimi katikati. Mengine sikuyaelewa hata nilivyokuwa nayatafsiri. Askari aliuliza, kwa nini ulikimbia? Shemeji akauliza, kwa nini ulinifukuza? Askari akasema kwa sababu ulikimbia. Wakabaki wanatazama bembea. Askari akaomba radhi, waziwazi, hakuzunguka. Shemeji hakusema nimekusamehe, wala hakuchukua andazi. Alisema tu, "Mwambie asinikalie tena mgongoni. Mimi wala mwingine." Nikamwambia. Askari akasema amesikia. Akaondoka kwa miguu, akaacha mfuko kwenye benchi, na sikujua tufanye nini nao, nikaupeleka kwa mzee wa mbwa.

Jumatatu shemeji alikwenda kazini. Askari hakutolewa, alikaa nasi mwaka mwingine na zaidi, kisha akahama kwa mambo yake. Watu walisema barua yetu ilishindwa, wengine wakasema ilishinda, mimi mpaka leo sijui niiweke upande gani. Uraia nilipata majira ya joto yaliyofuata. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nilishika karatasi ile ya uraia jikoni na sikusikia furaha, nilisikia aibu, nikaifungia kabatini.

Na jirani yangu tangu asubuhi ile hakuniita dada. Tulisalimiana, tulipeana chumvi, zamu za kufua tulibadilishana, lakini aliniita "jirani." Bomba halikugongwa tena.

Miaka michache baadaye walipata nyumba kubwa zaidi kule Hässelby. Siku ya kuhama nikateremka kusaidia, bila kuitwa. Jirani alikuwa jikoni anafunga vyombo kwa magazeti. Shemeji alikuwa sebuleni na makasha ya karatasi zake, amenenepa, anavaa tai siku hizo, alikuwa amepata kazi ya makabrasha kwenye maktaba. Akatoa bahasha, akatoa ndani yake nakala ile ya askari, imekunjwa mara nne vilevile. Kumbe hakumrudishia.

"Shemeji, kaa hapa," akasema. "Unajua mimi sikumbuki kuandika hapa? Vile vidonge viliniondolea wiki nzima nzima. Nakumbuka umeniletea karatasi mezani, nakumbuka nimeikataa. Baadaye sijui. Siku ile nimeshika begi, nilikuwa najua nakwenda kufa. Nikaona jina langu juu ya watu wote. Nikasema, kumbe! Kumbe usiku mmoja niliamka nikaandika. Kama niliweza hilo, basi ngazi ni nini?"

Neno lilikuwa mdomoni: shemeji, ni mimi niliyeandika, kwa woga wangu. Miaka yote nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya siku kama hii. Jikoni vyombo viliacha kulia. Nilijua amesimama anasikiliza, na kikombe mkononi.

Akanisogezea karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hebu ona. Herufi zimekwenda upogo, wino umeruka. Mkono ulikuwa unatetemeka sana."

Niliutazama mwandiko wangu.

"Ndiyo," nikasema. "Ulikuwa unatetemeka."

"Lakini niliandika."

"Uliandika, shemeji."

Akaikunja akaitia kwenye bahasha, bahasha akaitia mfuko wa ndani wa koti, hakuiweka kwenye makasha. Kule jikoni gazeti likachanwa, kikombe kikafungwa, kingine kikafuata.

"Dada," jirani yangu akaita, "njoo unishikie hili sanduku."